Mgeni, Mwenyeji na Mtalii: Historia ya Starehe na Safari za Watu Wazima katika Mwambao wa Kenya

Mtu akifungua kitabu chochote cha kuwaongoza wasafiri waendao Pwani ya Kenya, aghalabu atakuta picha moja: mchanga mweupe, minazi miwili mitatu, bahari tulivu, na kiti kirefu kisichokaliwa na mtu. Picha hiyo huchukuliwa kuwa ni ya asili, kana kwamba mwambao umekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake na starehe yake imekuwa hiyo hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Watu wazima wa mwambao walikuwa na namna zao za kupumzika, za kutembea na za kutembelewa, karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa ufuoni. Na namna hizo zilisimama juu ya jambo ambalo picha ile haina, nalo ni mwenyeji. Hoja yetu ni ya kihistoria, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika lugha, na ndiyo maana tunaileta mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Tunasema "watu wazima" kwa makusudi. Michezo ya watoto, vitendawili na ngoma za arusi vimepata waandishi wengi. Mapumziko ya mtu mzima, aliyekwisha kazi ya siku au ya msimu, hayakushughulikiwa sana, labda kwa sababu hayana vyombo vingi vya kuwekwa katika jumba la makumbusho: kikombe cha kahawa, jiwe la kukalia, na maneno.

Maneno yenyewe

Tuanze na neno "pwani". Bahari hujaa na kupwa, na pwani kwa umbo lake ni pale panapopwa, yaani ule ukanda ambao kwa saa chache huwa ni bahari na kwa saa chache huwa ni nchi kavu. Baadaye maana ilipanuka, ikachukua miji, mashamba na hata mkoa mzima wa utawala. Msomaji aiweke akilini ile maana ya kwanza, kwani tutaihitaji tena mwishoni.

Katika ukanda huo hapakuwa mahali pa kupumzikia. Palikuwa ni karakana. Hapo ndipo majahazi yalipoegeshwa yakakalafatiwa, boriti za mikoko zikapangwa, matumbawe yakachomwa kuwa chokaa, makumbi ya nazi yakafukiwa mpaka yaoze ili yatolewe nyuzi za kamba. Wakati wa bamvua, maji yapwapo mbali, wanawake walishuka na vikapu kutafuta kome na pweza. Mtu mzima aliyejilaza mchangani saa saba za mchana angeulizwa kama ana homa.

Starehe ilikuwa barazani. Hapa neno la kuchunguzwa ni "kuzungumza". Leo tunalitumia kwa maana ya kusema na mtu tu, lakini waandishi wa kamusi wa karne ya 19 walilifasiri pia kwa maana ya kujifurahisha na kupitisha wakati kwa raha, na "mazungumzo" waliyatia katika mafungu ya burudani. Katika Kiswahili cha mwambao wa zamani, basi, kusema na kustarehe havikutengana. Mtu mzima aliyekuwa na nafasi alikwenda kuzungumza kama vile mtu wa mahali pengine aendavyo kuwinda au kuvua kwa ndoana. Alibarizi. Alipewa kahawa chungu kutoka katika dele la shaba, na kipande cha halua kama ni siku ya neema. Palikuwa na bao, karata, na tambuu pamoja na popoo na chokaa yake. Palikuwa na mashairi pia: ushairi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, hauwezi kueleweka vizuri na msomaji anayedhani kwamba uliandikwa kwa ajili ya vitabu. Ulikuwa ni sehemu ya mazungumzo ya mji, uliojibiwa na kurudiwa hadharani, na ni bahati yetu kwamba ulikusanywa kabla haujapotea.

Maneno mengine yanathibitisha fikira hiyo hiyo. "Kupumzika" ni kurudisha pumzi. "Kupunga upepo" ni kutoka jioni, jua likishapoa, na kwenda penye hewa, aghalabu pamoja na wenzako. "Starehe" na "raha" yalitoka katika Kiarabu na yote mawili yanahusu utulivu wa moyo na mwili. "Likizo" lina historia ya kuchekesha: kitenzi "likiza" hutumika kwa kumwachisha mtoto ziwa, na pia kwa kumwachia mtu kazi kwa muda. Mwandishi wa makala haya hajapata maelezo bora zaidi ya hali ya mfanyakazi wa ofisi anapopewa siku zake ishirini na moja za mwaka.

Lakini jozi ya maneno iliyo muhimu kuliko zote ni "mgeni" na "mwenyeji". Mwenyeji ni mwenye mji. Neno hilo moja lamtaja mzaliwa wa mahali, na lamtaja pia yule anayepokea watu nyumbani kwake. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenga wawili hao. Vivyo hivyo mgeni ni yule asiyejulikana, na ni yule aliyekaribishwa. Kila mmoja humfanya mwenziwe awe alivyo: hapana mgeni pasipo mwenyeji. Methali zetu zinawaweka pamoja daima, ama kwa ukarimu, kama ile isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, ama kwa ukali, kama ile ya kumpa jembe siku ya tatu.

Sasa litazame neno "mtalii". Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini na kukipitia kitabu. Ni neno zuri. Kwa asili yake, mtalii ni msomaji wa nchi. Ila halina mwenzi. Mtalii na nani? Tunaweza kusema "mtalii na mwenye hoteli", au "mtalii na mfanyakazi", lakini hizo ni jozi za biashara na lugha haikuzifunga pamoja. Tofauti hii si ya sarufi tu, kama historia ifuatayo itakavyoonyesha.

Upepo ulioleta wageni

Mgeni wa kukaa muda mrefu aliletwa mwambaoni na upepo. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi hadi Machi, na majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliteremka nayo. Kurudi hakukuwezekana mpaka kusi ianze, baada ya Aprili. Kati ya kufika na kuondoka palikuwa na majuma mengi, pengine miezi, ambayo nahodha, mfanyabiashara na baharia walipaswa kuishi mahali fulani, kula, kuswali, kuuza na kungoja. Hakuna hoteli iliyojengwa kwa ajili yao. Ilijengwa desturi.

Ushahidi wa kale ulio wazi zaidi ni wa Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliona vijana wakitoka kwa sambuki kuilaki merikebu, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hukaa kwa mwenyeji wake huyo, na biashara yake hupitia mikononi mwa mwenyeji. Aliyekwisha kuuzoea mji ndiye tu aliyekuwa huru kufikia apendapo. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa sultani, akaletewa tambuu, kisha wali wa samli na vitoweo vingi, na ndizi zilizopikwa katika maziwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Jambo la kuzingatia katika habari hii ni kwamba ukarimu haukutenganishwa na faida. Mwenyeji alipata ushuru wa heshima na ushuru wa fedha kwa pamoja, na hapana aliyeona haya. Wale wanaodhani kwamba zamani watu walikaribishana bure na kwamba utalii ndio ulioleta fedha katika jambo hilo, na waisome tena habari ya sambuki.

Nyumba za mawe za Lamu zinaonyesha desturi hiyo hiyo katika chokaa. Mtu atokaye njiani hukuta kwanza daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo wanaume walipokaa jioni, na ndipo mgeni alipopokewa bila kuingia katika siri za nyumba. Aliyestahili zaidi alipandishwa sabule, chumba cha wageni, ambako angeweza kukaa msimu mzima pasipo kuwasumbua walio ndani. Wajenzi wa nyumba hizo waliifikiria starehe ya mtu mzima kwa usahihi mkubwa: kivuli, upepo, mahali pa kukaa pasipo na deni la kununua kitu, na mpaka unaoeleweka kati ya kilicho wazi na kilicho faragha.

Hata hivyo, si haki kuusifu uungwana huo na kunyamazia gharama yake. Aliyeteka maji, aliyetwanga, aliyebeba mizigo kutoka pwani na aliyelima shamba ambalo bwana alikwenda kupumzikia alikuwa ni mtumwa. Katika karne ya 19, mashamba ya Malindi na ya Takaungu, pamoja na mashamba ya karafuu ya Unguja, yaliwapa wenyewe wasaa wa kubarizi kwa sababu wengine hawakuwa na wasaa hata kidogo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi jamaa ya kifalme ilivyotoka mjini kwenda kustarehe mashamba. Ni masimulizi yenye uzuri mwingi, na kila ukurasa wake umejaa watumishi wasio na majina. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Tutaona punde kwamba waliotoka katika hali hiyo ndio walioubadilisha mchezo wote.

Mswahili naye ni msafiri

Kuna mazoea ya kumwandika mtu wa mwambao kama mwenye kutembelewa daima. Ametazamwa mno, ni mara chache kuulizwa yeye alitazama nini. Lakini vitabu vipo.

Sultani Barghash bin Said aliizuru Uingereza mwaka 1875. Safari yenyewe ilikuwa ya siasa, kwani ilikuwa miaka miwili tu tangu akubali kulifunga soko la watumwa. Lakini habari zake ziliandikwa na Zahir bin Said aliyefuatana naye, zikachapishwa kwa Kiarabu huko London mwaka 1878, na jina la kitabu ndilo linalotupa faida hapa: linahusu kuyaburudisha macho na fikira. Macho na fikira kwa pamoja! Hiyo ni nadharia nzima ya safari ya mtu mzima katika maneno mawili. Miaka michache baada ya kurudi, Barghash alijenga jumba la nje ya mji, la Maruhubi, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari. Nyumba ya fahari ilianza kuigeukia bahari kwa uso wake wote. Karakana ya zamani ikawa mandhari.

Katika Kiswahili chenyewe tunacho kitabu cha "Safari za Wasuaheli", kilichotolewa na Velten mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari aeleza safari yake ya Urusi na Siberia pamoja na Mjerumani Bumiller, na Selemani bin Mwenye Chande aeleza safari ya bara. Ni kweli kwamba masimulizi hayo yalitakwa na Wajerumani, na kwamba msimuliaji hakuwa huru kusema kila alilofikiri. Lakini jicho ni lake. Huuliza watu wanakula nini, wanalalaje, wanapokeaje mgeni. Anapima kila mahali kwa kipimo cha mwenyeji. Inasikitisha kwamba maandishi haya, ambayo ni miongoni mwa nathari za mapema za usafiri katika lugha yetu, husomwa zaidi na wanaisimu kwa ajili ya viambishi vyake kuliko na wanafunzi wetu kwa ajili ya habari zake.

Wasio na merikebu walisafiri pia, na sababu kubwa ilikuwa maulidi na ngoma. Sherehe ya Maulidi ya Lamu katika Msikiti wa Riyadha, iliyokuzwa na Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, iliufanya mji ule kuwa mahali pa kukutania pa mwambao wote. Kila mwaka, mwezi wa Mfungo Sita unapokaribia kwisha, watu hufika kutoka Mombasa, Malindi, Unguja na mbali zaidi. Hulala katika nyumba za jamaa, za marafiki, na za watu ambao hapo kabla hawakuwajua. Ibada ndiyo roho yake. Lakini baada ya ibada kuna mashindano ya mashua, mbio za punda, goma la wazee na kirumbizi cha fimbo, na kuna yale mazungumzo ya usiku ambayo hayamo katika ratiba yoyote. Ikumbukwe kwamba Habib Saleh aliwafungulia mlango wa elimu na wa heshima watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliotoka utumwani, na baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga kwa hilo. Ukarimu wa Maulidi ya Lamu una upande huo wa kijamii pia.

Ngoma nazo zilikuwa na utaratibu wake wa safari. Vyama vya beni, ambavyo Terence Ranger alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, vilishindana mtaa kwa mtaa na mji kwa mji, kwa mavazi, kwa karamu na kwa vyeo vya kuigiza. Watazamaji Wazungu waliona mzaha. Wenyewe waliona jambo zito, hata wengine walifilisika kwa ajili yake. Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama; Margaret Strobel, katika utafiti wake wa mwaka 1979, ameonyesha jinsi vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyowakusanya wanawake wa asili mbalimbali, waungwana na waliotokana na watumwa, katika chama kimoja, wakapanga fedha, wakachagua viongozi, wakapika kwa ajili ya mamia. Nani atasema kwamba hiyo haikuwa starehe ya watu wazima? Na taarabu, iliyoingia katika jumba la Barghash kutoka Misri kama burudani ya mfalme, ilichukuliwa na Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Tangu hapo haikuwa tena ya jumba. Watu wa Mombasa wa kizazi kilichomsikiliza Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, wanajua maana ya kusafiri hadi Lamu au Malindi kwa usiku mmoja wa arusi, na kurudi asubuhi bila kulala na bila kujuta.

Reli, daraja na hoteli

Sehemu hii inajulikana zaidi, kwa hiyo tutaipita upesi. Mwaka 1895 Uingereza iliutangaza utawala wake, na ule ukanda wa maili kumi ukawa chini ya himaya kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Tangu hapo wageni wa mwambao walianza kutoka upande wa pili. Hawakuja tena na kaskazi; walishuka kwa gari la moshi kutoka bara.

Walowezi wa nyanda za juu walikuwa na imani, iliyoungwa mkono na baadhi ya madaktari wa siku zile, kwamba kuishi juu sana chini ya jua la ikweta kunachosha mishipa ya fahamu, na kwamba dawa yake ni kushuka mara kwa mara hadi usawa wa bahari. Basi starehe ya pwani iliingia katika Kenya ya kikoloni kama tiba. Katika miaka ya 1930 hoteli za kwanza za ufuoni zilijengwa Malindi. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua samaki huko mwaka 1934. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, kivuko cha Likoni kikaanza mwaka 1937, na hoteli ya Nyali ikafunguliwa mwaka 1946. Mwafrika aliingia katika hoteli hizo akiwa amebeba sinia.

Tuangalie kilichogeuka. Mgeni wa zamani alikuja na mzigo akafikia kwa mtu. Mgeni mpya alikuja na fedha akafikia mahali. Mgeni wa zamani aliingia mji kwa njia ya daka. Huyu mpya aliukwepa mji, akaenda ufuoni, yaani kwenye karakana ya wavuvi, na karakana ikabidi iondoke. Na ufuo wenyewe ulikuwa umekwisha kuandaliwa kisheria: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya mwambao wayapeleke na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi katika Wamijikenda, ambao ardhi yao ilitambuliwa kwa ukoo na kwa kaya badala ya karatasi, hawakupata hati. Kwa hiyo, hoteli zilipokuja, mwenyeji kwa maana ya mzaliwa na mwenyeji kwa maana ya mwenye mahali walikuwa wamekwisha kutengwa na sheria. Lugha ilikuwa imewafunga pamoja, karatasi iliwafungua.

Baada ya uhuru mwaka 1963 serikali iliuona utalii kuwa njia ya haraka ya fedha za kigeni. Shirika la maendeleo ya utalii liliundwa mwaka 1965, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zikawekwa mwaka 1968, na Chuo cha Utalii kikafunguliwa Nairobi mwaka 1975. Ndege za kukodi ziliwaleta Wajerumani, Waswisi na Waingereza, na baadaye Waitalia kwa wingi katika Malindi. Historia ina mizaha yake: mwaka 1940 ndege za Kiitalia ziliudondoshea Malindi mabomu; mwaka 1967 Waitalia walirusha chombo cha angani kutoka jukwaa lao la baharini karibu na Ngomeni; na baadaye wauza vinyago wa mji huo wakajifunza Kiitalia kwa ufasaha ambao chuo chetu chochote kingeuonea fahari. Hao wauza vinyago, kwa maoni yetu, ndio waliobaki wakijaribu kuwa wenyeji kwa maana ya zamani: humlaki mgeni majini, humtangaza kuwa ni wake, na hutaka biashara yake ipitie mikononi mwao. Ni desturi ya sambuki bila sambuki. Tofauti ni kwamba vijana wa Mogadishu walikuwa na nyumba za kuwapeleka wageni wao. Hawa huwalaki, kisha mlinzi huwafukuza.

Ukanda unaopwa

Tumesema kwamba pwani ni pale panapopwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inataja miongoni mwa ardhi ya umma ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Hatudhani kwamba waandishi wake walikuwa na kamusi ya Kiswahili mezani, lakini walichoeleza ni neno "pwani" katika maana yake ya kwanza, bila kuongeza wala kupunguza. Pwani ni ya wote. Shida ni kwamba mtu hafiki pwani kwa kushuka kutoka angani. Anahitaji njia, na njia zile za kale, zilizopita kati ya mashamba hadi penye mlango wa mwamba na maegesho ya ngalawa, mara nyingi zimezibwa na kuta. Ukanda ni wa umma na umezungukwa na milango ya watu binafsi.

Na wanaouhitaji wameongezeka. Safari ya mapumziko mwambaoni si tena ya Mzungu peke yake. Jamaa za Nairobi, Nakuru na Kisumu hushuka mwezi wa Desemba, na tangu treni mpya ilipoanza kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017 safari huchukua nusu ya siku. Wengi wao hufuata ile ile picha ya kiti kirefu, wakalala usiku tatu ndani ya ukuta na kurudi bila kuingia hata mtaa mmoja wa Mji wa Kale. Hatuwalaumu, hiyo ndiyo pwani waliyouziwa. Lakini jioni ya Jumapili, watu wa Mombasa wenyewe hawako huko. Wako Mama Ngina, juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari, mahali palipotengenezwa upya mwaka 2019. Mihogo hukaangwa, ndimu na pilipili hutiwa, madafu hukatwa, wazee hukaa wakitazama meli zikiingia na kubishana juu ya bendera zake. Ni mazungumzo katika maana ile kongwe, na hayana kiingilio. Msafiri mtu mzima anayetaka kujua mwambao ulivyostarehe kwa miaka mia saba hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo, ila ajiandae kuulizwa ametoka wapi na anafikia kwa nani.

Swali hilo la "kwa nani" lastahili kuchunguzwa na idara kama yetu, pamoja na majina ya njia. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany aliyahifadhi maneno ya ujenzi wa jahazi katika utenzi wake wa "Sambo ya Kiwandeo" wa mwaka 1979, na bila kazi hiyo tungekuwa tumeyapoteza mengi. Kila njia ya kuteremkia pwani, tangu Vanga hadi Kiunga, ilikuwa na matumizi yake na wazee wanaoikumbuka. Aghalabu ilikuwa na jina, la mti, la kisima, la mtu aliyeegesha chombo chake hapo. Pale ukuta ulipojengwa jina hubaki kwa muda katika vinywa vya wavuvi, kisha huondoka nao. Majina hayo yakiandikwa, pamoja na mahali na habari zake, yatakuwa ni ushahidi wa historia, na huenda siku moja yakawa ushahidi wa namna nyingine mbele ya hakimu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuianza kazi hiyo katika likizo yake. Atahitaji daftari, viatu visivyoogopa matumbawe, na hesabu sahihi ya siku za bamvua.